Kipande cha Sarafu Chache: Historia ya Thamani na Ubora wa Pizza ya Kumbi za Vyakula

Pizza inayouzwa kwa vipande katika kumbi za vyakula za Marekani, yaani zile sehemu za maduka makubwa ambamo vibanda vingi huzunguka meza zinazotumiwa na wateja wote, imezoea kuhukumiwa kwa vipimo visivyo vyake. Wengi huilinganisha na pizza nzima ya mgahawani iliyotoka tanurini muda huohuo, ilhali kwa asili yake ni chakula cha mtaani cha mtu mwenye sarafu chache, na anayetaka kuipima kwa haki hana budi kuanzia Napoli ya karne ya 19, ambako masuala ya thamani na ubora wake yalikwisha kujadiliwa na waandishi makini.

Thamani iliguswa na Mfaransa Alexandre Dumas katika kitabu chake *Le Corricolo* cha mwaka 1843, alipoeleza kwamba pizza ilikuwa kipimo cha soko la mji ule, maana bei yake ilipanda na kushuka kufuatana na bei ya mafuta, jibini, nyanya na samaki. Ubora ulielezwa kwa ukali zaidi na mwandishi wa habari Matilde Serao katika *Il ventre di Napoli*, kitabu cha mwaka 1884 kuhusu maisha ya mafukara. Katika maelezo yake, mwokaji aliandaa pizza nyingi kwa mkupuo, za unga mzito ulioungua kabla ya kuiva, juu yake nyanya iliyo karibu mbichi, kisha akazikata vipande vya bei ya soldo moja, sarafu ndogo ya wakati ule, na kumkabidhi kijana aliyesimama navyo pembeni mwa barabara karibu kutwa nzima, vikigandishwa na baridi, vikigeuka njano kwa jua na kuliwa na nzi. Tukiyasoma maelezo hayo leo tunaona wazi kwamba kasoro kubwa aliyoionyesha Serao haikuwa bei bali kungoja: kipande kilikuwa kimekwisha kuharibika kabla mnunuzi hajafika.

Wahamiaji wa Italia waliipeleka pizza New York, ambako duka la Gennaro Lombardi, ambalo kwa desturi huhesabiwa tangu mwaka 1905, lilitumia tanuri la makaa ya mawe lenye joto kali mno. Biashara ya vipande ilishamiri hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pale tanuri za gesi zenye sakafu bapa zilipoenea, kwa kuwa zilikuwa rahisi kuendesha na joto lake la wastani lilimwezesha mwokaji kufanya jambo lililowashinda wachuuzi wa Napoli, nalo ni kuoka mara ya pili. Pizza ya upana wa sentimita 46 hivi ilikatwa vipande vinane, ikakaa juu ya kaunta, na mteja alipoagiza, kipande chake kikarudishwa kwenye sakafu ya tanuri kwa dakika chache hadi ukoko ukakauka tena na jibini likachemka. Kwa kazi hiyo ilifaa mozzarella iliyopunguzwa maji, ambayo haitoi majimaji ya kuulowesha mkate kama ile mbichi. Ufundi huu unastahili heshima kuliko unavyopewa, kwa sababu ulikifanya chakula cha bei ndogo kisiwe kiporo.

Bei nayo ilifungamana na maisha ya mji. Mwaka 1980 Eric M. Bram alionyesha katika gazeti la *The New York Times* kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 bei ya kipande ilikuwa ikienda sambamba na nauli ya treni za chini ya ardhi, na jambo hilo limerudiwa mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2008 duka la 2 Bros lilifunguliwa Manhattan na kuuza kipande kwa dola 1, likitegemea wingi wa wateja kufidia faida ndogo ya kila kipande.

Kumbi za vyakula zilipoenea katika maduka makubwa tangu miaka ya 1970, zilirithi kipande hicho lakini si kila kibanda kilirithi ule uokaji wa pili. Mahali pengi pizza iliwekwa chini ya taa za joto, ambazo huihifadhi moto bila kuioka, hivyo mafuta hujitenga na jibini, juu hufanya utando mgumu, na chini mkate hunyonya unyevu wa rojo la nyanya. Kasoro ya Napoli ilirudi ikiwa na umeme.

Costco, kampuni ya maduka ya jumla inayouza kwa wanachama, ilichukua njia nyingine katika kumbi zake: kipande kwa dola 1.99 na pizza nzima ya sentimita 46 kwa dola 9.95, bei zilizodumu miaka mingi. Rojo hupakwa na mashine ambayo hulimimina kwa mzunguko juu ya unga unaogeuka, na bei hubaki chini kwa kuwa chakula ni chambo cha kumleta mwanachama dukani. Bei yake, tofauti na ile ya Dumas, haimwambii mnunuzi lolote kuhusu soko la jibini, lakini foleni ndefu huhakikisha kwamba pizza haikai.

Ndiyo maana mnunuzi hapaswi kuanza na bei wala wingi wa jibini, bali na upande wa chini wa kipande, ambao unatakiwa uwe mkavu wenye madoa ya kahawia, na ncha isilegee kipande kinapokunjwa kwa urefu. Kipande cha dola 1.99 kinachotimiza hayo ni chakula kizuri bila udhuru wowote, na kile kilicholala chini ya taa ni ghali kwa bei yoyote. Anayeonyeshwa cha namna hiyo aombe cha pizza inayofuata kutoka tanurini.