Masta, Upepo na Dawa ya Breki

Fundi akisema masta ya breki imekufa, ametoa uchunguzi kamili. Chukua Land Rover Series IIA, zile zilizotoka kiwandani kati ya 1961 na 1971. Unakanyaga breki, inashika. Ukizidi kuikandamiza, pedeli inazama polepole mpaka sakafuni. Unainama kutazama chini ya gari, huoni hata tone. Kimiminika hakikuvuja nje. Kimerudi nyuma ndani kwa ndani, kikipenya baina ya mpira wa pistoni na ukuta wa silinda. Na kwa kuwa nyingi za gari hizo zina njia moja tu ya breki kwa magurudumu yote manne, masta ikishindwa hakuna gurudumu linalobaki kukuokoa.

Maneno ya gereji yana ngazi zake. Mpira umelika, masta inapitisha, masta imekufa. Mbili za kwanza hutibiwa kwa kununua mipira na kuibadilisha. Ya tatu haina tiba: gari limekaa muda mrefu, unyevu umeingia, kutu imechimba vishimo kwenye ukuta wa silinda, na mpira mpya ukipita hapo nao utakatika. Mwenye gari anayezijua ngazi hizi anajua pia aende dukani na fedha kiasi gani, kabla spana haijagusa nati.

Lakini masta ni nani? Kiingereza kiliipa silinda hii inayosukuma kimiminika cha breki cheo cha bwana, na kwenye klachi silinda ya chini, inayomtii bwana wa juu, kikaiita mtumwa. Gereji zetu hazikumpokea mtumwa huyo. Dukani huulizwa klachi ya juu na klachi ya chini, basi. Vitu viwili vimetajwa kwa mahali vilipo, na anayejua juu na chini hawezi kuvichanganya. Masta alibaki, ila bila mtumwa wa kumtawala ubwana wake umeisha. Hata neno silinda limeangushwa, kwa sababu lina kazi nyingine: ukisema silinda, watu wanaifikiria injini. Masta limekuwa jina la kifaa kimoja, halidai ukoo.

Darasani umbo hilohilo lina jina la Kiswahili, mcheduara. Ni neno lililoundwa vizuri, mche na duara vikashikana, na mtoto anayekokotoa ujazo analihitaji. Chini ya boneti halijafika, nami simlaumu fundi. Yeye hashughuliki na umbo, anashughulika na kazi ya kusukuma. Pistoni, kwa upande wake, ingeweza kudai undugu nasi: imetoka katika Kiitaliano, kwenye kitenzi cha kutwanga. Ni mchi kwa asili, tofauti ni kwamba mchi huu umevishwa mpira ili kinachotwangwa kisiruke juu.

Neno ninalolipenda kuliko yote linakuja baada ya masta mpya kufungwa. Mabomba yana hewa, na hewa hubanika. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inaishia kwenye mapovu badala ya kufika kwenye gurudumu. Ni lazima kutoa upepo. Waingereza huiita kazi hiyo kwa kitenzi cha kutoa damu, maana macho yao yapo kwenye kinachotiririka. Sisi tumemtaja adui. Mmoja anakaa kwenye kiti, mwingine analala chini na spana, mpira mwembamba na chupa, akianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kanyaga! Shikilia! Nati inalegezwa, mapovu yanatoka, nati inabanwa. Achia! Mguu ukiachia kabla nati haijabanwa, upepo unavutwa tena ndani. Na kazi inakwisha lini? Jina lenyewe linajibu: upepo ukiisha. Chupa kujaa si kipimo.

Neno hilohilo likihamia kwenye malori na mabasi linageuka. Huko kuna breki za upepo, na upepo ndiyo nguvu inayozisukuma. Ukiisha, breki hujifunga na gari haliendi. Hakuna anayepotea, kwa kuwa kila mtu anajua amesimama mbele ya gari gani.

Tatizo ni jina la kile kinachomiminwa. Tunakiita mafuta ya breki, na katika gari nyingi si mafuta hata kidogo. Kikimwagika juu ya bodi kinabandua rangi. Kikikaa, kinanyonya unyevu wa hewani. DOT 4, namba mojawapo ya zile zinazoandikwa kwenye chupa zake, ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzijoto 230 au zaidi, lakini ikishakunywa maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu na 155. Jina linamwambia kijana kwamba mafuta ni mafuta, naye anaongeza oili ya injini iliyo karibu. Mipira inavimba, inaziba tundu la kurudishia, breki zinashika zenyewe na kupata moto. Masta imeuawa na jina. Ajabu ni kwamba gari za Citroën DS za miaka ya mwisho ya 1960 kweli hutumia mafuta ya madini, ya kijani. Kwa gari hizo kosa ni kutia DOT.

Wanaosanifu istilahi, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) likiwemo tangu lilipoundwa mwaka 1967, wana vigezo vyao: neno lifuate sarufi, lichotwe kwanza Kiswahili na Kibantu kabla ya kukopa mbali. Ningeongeza kimoja: aliyelisikia, mkono wake utakwenda wapi? Kwa kipimo hicho masta inapita ingawa ni ya kukopa, kutoa upepo kunapita kwa alama za juu, na mafuta ya breki yanaanguka ingawa yanasikika ya kwetu kabisa.

Mimi ningependekeza dawa ya breki. Tayari tuna dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mbu, na hakuna anayepiga mswaki kwa dawa ya mbu eti zote ni dawa. Dawa huchanganywa kwa kazi yake, hukaa kwenye chupa yenye maandishi, na huchacha. Kijana akitumwa dukani kununua dawa, muuzaji atamuuliza swali ambalo mafuta hayaliamshi: dawa ipi, namba ngapi?