Kufilisika si kuwa muflisi

Ukipanda matatu mwisho wa mwezi, hukosi kumsikia mtu akilalama, "Mimi nimefilisika, sina hata ndururu!" Huyo anatania. Mshahara ukiingia atakuwa mzima tena. Lakini yuko Mkenya mwingine asiyetania. Anadaiwa na benki, anadaiwa na chama, anadaiwa mikopo ya simu, na kila anachopata kinamezwa na riba. Naye pia husema amefilisika. Je, neno hili moja linawatosha wote wawili?

Asili yake ni Kiarabu. Fulusi zilikuwa sarafu za shaba, duni kuliko dirhamu za fedha na dinari za dhahabu. Watunzi wa kamusi za Kiarabu walimweleza muflisi kuwa mtu ambaye dirhamu zimemwishia, akabaki na vishaba tu. Kwa hivyo abiria wetu anayeitaja ndururu, ile sarafu ya senti tano ya zamani, hayuko mbali na picha hiyo ya kale.

Kiswahili kilipolipokea neno hili, kililizalisha. Filisi ni kitendo: kuchukua mali ya mdaiwa na kuiuza ili wanaomdai walipwe. Mwenye kuifanya kazi hiyo ni mfilisi. Filisika ni hali ya kuishiwa. Muflisi, kwa maana yake ya kisheria, ni mtu aliyetangazwa na mwenye mamlaka kwamba hawezi kulipa madeni yake. Basi kufilisika ni hali, umuflisi ni hukumu. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, ila ndiyo inayoamua kama mtu ataendelea kuandamwa au atapumua.

Waislamu wa pwani yetu wameijua tofauti hiyo tangu zamani kupitia madhehebu ya Shafi. Kurani, katika Sura ya Bakara, aya ya 280, inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Na pale ambapo madeni yamezidi mali, kadhi humzuia mdaiwa asiitumie mali yake ovyo, huiuza, kisha huwagawia wanaomdai kila mmoja kwa kadiri ya deni lake. Hata hivyo, muflisi haachwi uchi. Huachiwa mavazi yake.

Si kila deni lililofika kwa kadhi, lakini. Njaa ya Mwakisenge ilipowakumba Wamijikenda katika miaka ya 1880, wapo waliolazimika kuwaweka jamaa zao rehani ili wapate nafaka. Deni lisipolipwa, aliyewekwa rehani aliweza kuishia utumwani. Hapo hakuna aliyetangazwa muflisi. Palikuwa na mwenye njaa na mwenye chakula tu. Ndivyo deni linavyokuwa pasipo mtu wa tatu wa kusema, "Yatosha."

Wakoloni walileta sheria yao ya ufilisi, iliyojulikana baadaye kama Sura ya 53, kwa kufuata mkondo wa Uingereza. Chini yake, umuflisi ulifanana na doa lisilotoka: mtu alibaki nao mpaka mahakama imwondolee. Sheria hiyo ilidumu hadi ilipoondolewa na Sheria ya Ufilisi ya 2015, ambayo wengi wetu hatujaifungua hata ukurasa mmoja.

Sheria hii mpya inampa mdaiwa njia kadhaa. Anaweza kukaa na wanaomdai na kukubaliana, chini ya msimamizi, namna ya kulipa. Anaweza kuomba amri ya kulipa kidogo kidogo. Asiye na mali ya kuuza wala uwezo wa kulipa chochote, na ambaye madeni yake ni kati ya Sh100,000 na Sh4 milioni, ana utaratibu wake maalumu, ambao kwa kawaida humkomboa baada ya miezi 12. Huo haupatikani mara mbili. Mwisho kabisa ndipo kuna kutangazwa muflisi, jambo ambalo mdaiwa mwenyewe anaweza kuliomba. Huko nako huachiwa nguo, matandiko na vifaa vya kazi yake, na kwa kawaida hukombolewa baada ya miaka mitatu.

Tusidanganyane, si njia ya mkato. Deni lililotokana na ulaghai halifutwi. Na Kifungu cha 99 cha Katiba kinamzuia muflisi ambaye hajakombolewa kuwania ubunge.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na hawakukosea. Lakini dawa hiyo ni ya mwenye chochote cha kulipia. Asiye nacho hukopa huku alipe kule, hubadilisha laini ya simu, huhama nyumba usiku, kwa kuwa neno muflisi linamtia aibu kuliko deni lenyewe. Kumbe kusema "nimefilisika" hakupunguzi deni hata kwa senti moja. Kinacholipunguza ni kufika mbele ya sheria mapema, na wakili au mshauri anayejua mambo haya, kabla dalali hajabisha hodi.

Basi tulirudishie neno muflisi heshima yake. Si tusi. Ni jina la mtu aliyekubali kuhesabiwa ili siku moja aanze upya.