Neno "Ndani" na Majina ya Michezo ya Mpira Shuleni

Mwaka 1967 zilitungwa sheria mbili ambazo ni nadra kutajwa pamoja: Sheria Na. 12 iliyoanzisha Baraza la Michezo la Taifa, na Sheria Na. 27 iliyoanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Tokea hapo mwalimu wa michezo akawa, apende asipende, mfasiri wa kanuni. Baadhi ya maneno aliyorithi yangali yakimtatiza hadi leo, na la kwanza ni hili dogo la "ndani".

Wenye kutunga kanuni walikuwa na dhana mbili zilizo mbalimbali. Moja ni ya michezo ichezwayo chini ya paa. Ya pili ni ya mashindano ya wanafunzi wa shule moja wao kwa wao, darasa kwa darasa au bweni kwa bweni. Sisi tumezitwika zote mbili neno moja, na juu yake tukaongeza bao na drafti, ambazo nazo huitwa michezo ya ndani. Waraka usemao "michezo ya mpira ya ndani" waweza basi kusomwa kwa namna mbili na kila msomaji akaona ameelewa.

Tumfikirie mwalimu wa Mpanda anayeupokea waraka huo. Kiwanja chake ni cha udongo, na mistari imechorwa kwa majivu au chokaa. Si kwamba paa lisingemfaa: mvua za Katavi hunyesha tangu mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, na kiwanja hugeuka tope. Lakini kanuni za mpira wa wavu zataka mita 7 za nafasi tupu juu ya uwanja, na darasa gani lina dari ya namna hiyo? Akilielewa "ndani" kuwa ni paa, ataweka waraka kando na wanafunzi wake hawatacheza. Kwa maoni yangu dhana ya kwanza iitwe "michezo ya ukumbini", na ya pili "mashindano ya ndani ya shule", neno "shule" lisiachwe kamwe.

Tatizo la pili ni la wavu, nalo lina historia ndefu zaidi. Mwaka 1891, huko Springfield, Marekani, James Naismith alitundika vikapu vya matunda ukumbini ili vijana wapate mchezo wa majira ya baridi. Kwa hiyo "mpira wa kikapu" (wenzetu wa Kenya husema "vikapu") ni jina lililohifadhi asili yake barabara. Mchezo huo ulipofika Uingereza ukabadilishwa kwa ajili ya wasichana, vikapu vikaacha nafasi kwa pete zenye nyavu, na kanuni zikachapishwa mwaka 1901. Waingereza wakauita kwa jina la ule wavu mdogo. Wakati huohuo, mwaka 1895, William G. Morgan wa Holyoke alikuwa amebuni mchezo mwingine, wa kupiga mpira juu ya wavu mrefu uliokatiza uwanja.

Hapa ndipo mfasiri anapotegwa. Akifasiri jina la mchezo wa wasichana neno kwa neno, atapata "mpira wa wavu", na hilo kwetu ni jina la mchezo wa Morgan. Kosa hilo si la karatasi tu. Mchezo mmoja unahitaji nguzo mbili zenye pete kwenye kimo cha mita 3.05 na wachezaji saba kila upande. Wa pili unahitaji wavu wenye kimo cha mita 2.43 kwa wanaume, au 2.24 kwa wanawake, na wachezaji sita. Karani akikosea neno katika orodha ya vifaa, shule itapokea isichoweza kukitumia. "Netiboli" ni mkopo salama, na "mpira wa pete" ni bora zaidi, kwa kuwa huonyesha kitu kilicho mbele ya macho ya mtoto.

Pengine mtu atauliza kwa nini nimechukua mfano wa Mpanda. Mji huo ulikuzwa na mgodi wa risasi na reli itokayo Kaliua. Wilaya yake ilitoka Tabora ikaingia Rukwa katika miaka ya 1970, na tangu 2012 Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Wafipa na Wasukuma hukutana huko, pamoja na watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 na baadaye, wakapokelewa Katumba na Mishamo. Mahali kama hapo mtoto hapati jina la mchezo katika lugha ya nyumbani kwake. Hulipata shuleni, na likiwa na kosa hana pengine pa kulisahihishia.

Mpira wa mikono nao una kichekesho chake. Mtoto aliyezoea soka anajua kwamba kugusa mpira kwa mkono ni kunawa, na refa atapuliza filimbi. Katika mchezo huu mkono ndio halali, ila mpira usishikwe zaidi ya sekunde 3 wala hatua 3.

Yako pia maneno yaliyobaki huku kanuni zake zimekwenda. Vijitabu vya zamani vya mpira wa wavu hueleza kuwa upande unaoanzisha mpira ndio pekee upatao pointi, na seti huisha kwa 15. Kanuni hiyo ilibadilishwa mwaka 1998: sasa kila mpira huleta pointi na seti huisha kwa 25, isipokuwa ya tano. Mwamuzi wa mashindano ya madarasa aliye na kijitabu cha zamani husoma Kiswahili safi kabisa, na huku anahesabu visivyo.