Ajira ya watumishi wa afya, Lushoto na Usambara

Ajira ya watumishi wa afya katika milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga, inahusu kuwapata, kuwapanga na kuwabakiza matabibu, wauguzi wakunga, wataalamu wa maabara na wahudumu wa afya, hasa katika Halmashauri za Lushoto na Bumbuli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 492,441 katika Wilaya ya Lushoto. Wengi wao huishi kwenye miteremko ambako masika hugeuza njia kuwa utelezi, na mjamzito hulazimika kubebwa hadi barabarani.

Historia

Tiba ya hospitali iliingia Usambara pamoja na wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, waliofungua vituo Mlalo mwaka 1891 na Lutindi mwaka 1896. Lutindi ilianza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha ikawa hospitali ya magonjwa ya akili. Bumbuli nako kukawa na hospitali ya kanisa, iliyofundisha pia matabibu.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali iligeukia vijijini. Vijana waliohitimu elimu ya msingi walifundishwa kwa miaka 3 na kupelekwa kwenye zahanati. Tauni ilipozuka Lushoto mwaka 1980, na kurejea mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20, thamani ya mtumishi wa kijijini ilidhihirika: mgonjwa wa tauni hupona kwa antibiotiki akiwahiwa, na wa kumwahi ni aliye karibu naye.

Miaka ya 1990, wakati wa marekebisho ya uchumi, ajira mpya zilisimamishwa na watumishi wakapunguzwa. Waliofundishwa miaka ya 1970 wakaanza kustaafu, na wa kushika nafasi zao hawakutosha. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 hadi 2017 ulilenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, lakini majengo yakapanda upesi kuliko watumishi.

Utaratibu wa ajira

Halmashauri huandaa ikama, yaani orodha ya watumishi wanaohitajika, na kuomba kibali Ofisi ya Rais, Utumishi. Kibali kikitoka, nafasi hutangazwa, na waliochaguliwa hupangiwa vituo. Mwaka 2022 Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) ilitangaza nafasi 7,612 za kada za afya kwa nchi nzima. Mwaka 2023 zilikuwa 8,070. Ajira za serikali zinapofunguliwa, hospitali za kanisa nazo huweza kupoteza wauguzi wao, wanaofuata mshahara na pensheni ya uhakika.

Upungufu na athari zake

Mwongozo wa ikama wa 2014 hadi 2019 uliitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, na kituo cha afya 39. Pale penye wawili, muuguzi yuleyule hupima wajawazito, huchanja watoto, hugawa dawa na kujaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Akienda semina mjini, kliniki ya siku hiyo inaahirishwa, na mama aliyetembea tangu alfajiri anarudi na mtoto wake bila chanjo.

Wahudumu wa afya ya jamii

Tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ya jamii 137,294 katika miaka 5. Huchaguliwa na wananchi wa kitongoji chao, hufunzwa na kulipwa posho. Wanajua kila nyumba na njia ya mkato, ila hawazalishi wala hawachukui nafasi ya mkunga.

Kuwabakiza

Mtumishi mpya huomba uhamisho anapokosa nyumba, anapocheleweshewa posho ya kujikimu, au mwenzi wake anapofanya kazi mkoa mwingine. Kwa hiyo kibali cha ajira peke yake hakitoshi. Halmashauri inayojenga zahanati mlimani ijenge na nyumba ya mtumishi, ilipe stahiki zake kwa wakati, na isomeshe vijana wa Usambara wenyewe. Wananchi waliochangia mawe na nguvu zao kujenga zahanati wanastahili kumkuta mkunga ndani yake.