Katiba Kama Njia ya Upatanisho: Funzo la Uchaguzi wa Zanzibar

Utangulizi

Asafiriye kutoka Dodoma, liliko Bunge, kwenda Dar es Salaam, iliko bandari ya boti za Unguja, hana budi kupita Morogoro. Hata hivyo, kwetu sisi tunaosoma na kufundisha huku Mwembesongo, chini ya milima ya Uluguru, migogoro ya uchaguzi ya Zanzibar huonekana mara nyingi kama habari za ng'ambo ya maji. Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa historia hiyo inamhusu kila mchungaji anayesimama mimbarani wakati wa uchaguzi kuwahimiza watu wadumishe amani. Swali letu ni hili: je, marekebisho ya katiba yaweza kuwatoa watu katika ugomvi uliozaliwa na kura? Zanzibar inajibu kwamba yaweza, lakini kwa sharti moja, na sharti hilo halikutimizwa.

Mzizi wa ugomvi

Mgogoro huu haukuanza na mfumo wa vyama vingi wa mwaka 1992. Katika uchaguzi wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Serikali ikaundwa na muungano wa vyama viwili vilivyopata kura chache lakini viti vingi zaidi. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yakatokea. Sababu za Mapinduzi ni nyingi, nazo haziishi katika hesabu ya viti. Hata hivyo, hatuwezi kupuuza kwamba wengi walipiga kura kwa utaratibu uliokuwapo, na utaratibu huo haukuwapa mlango wa kuingilia.

Vyama vingi viliporejea, jeraha hilo lilifunguka upya. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995, Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ilimtangaza Dk. Salmin Amour wa CCM kuwa mshindi kwa asilimia 50.2, dhidi ya asilimia 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Tofauti haikufika kura 2,000. Pemba yote, yaani viti 21, ilikwenda CUF. Katiba ilimpa mshindi vyote, na aliyeshindwa hakupata chochote. Nchi iliyogawanyika karibu nusu kwa nusu ikatawaliwa kana kwamba nusu moja haipo. Wawakilishi wa CUF wakasusia vikao vya Baraza.

Miafaka miwili

Jumuiya ya Madola, chini ya Katibu Mkuu wake Emeka Anyaoku, ilisuluhisha, na mwafaka wa kwanza ukatiwa saini mwaka 1999. Mengi yaliyoahidiwa humo yalibaki katika karatasi. Uchaguzi wa Oktoba 2000 uliharibika; kura zikarudiwa katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi, na CUF ikayakataa matokeo. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji. Watu wasiopungua 30 waliuawa, na zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza katika historia yake, Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi, ikawa nchi ya kukimbiwa.

Mwafaka wa pili ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001. Huu ulizaa zaidi ya ule wa kwanza: Katiba ya Zanzibar ilirekebishwa, upinzani ukapata kupendekeza wajumbe wawili wa Tume, na msingi wa daftari la kudumu la wapiga kura ukawekwa. Lakini utaratibu wa mshindi kuchukua vyote haukuguswa. Baada ya uchaguzi wa 2005 malalamiko yakarudi yale yale.

Maridhiano ya mwaka 2010

Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, Zanzibar, pasipo msuluhishi wa kigeni. Kilichofuata ndicho kiini cha makala hii. Mapatano ya wakubwa wawili hayakuachwa kuwa siri ya wakubwa wawili. Yalipelekwa katika Baraza la Wawakilishi, kisha kwa wananchi wenyewe. Katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Ndipo yakaja Marekebisho ya Kumi ya Katiba: Makamu wa Kwanza wa Rais atatoka katika chama cha pili kwa kura, Makamu wa Pili katika chama cha Rais, na mawaziri watagawanywa kwa kadiri ya viti vya Barazani.

Umuhimu wa ridhaa hiyo twaweza kuuelewa tukitazama milima iliyo juu yetu. Miaka ya 1950 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, na mpango ule ukaachwa. Yawezekana hoja juu ya udongo ilikuwa njema, lakini amri haikuwa na ridhaa ya wenye mashamba. Zanzibar mwaka 2010 wenye shamba waliulizwa.

Matunda yalionekana upesi. Oktoba 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif asilimia 49.1. Tofauti ilikuwa ndogo kama ya mwaka 1995, lakini safari hii aliyeshindwa alikubali, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wapiga kura walikuwa bado wamegawanyika vile vile. Kilichobadilika ni sheria, ambayo sasa ilimpa aliyeshindwa mahali pa kukaa.

Jeraha lililosalia

Hata hivyo, marekebisho hayo yaligawa matunda ya uchaguzi bila kuutengeneza uchaguzi wenyewe. Mwenyekiti wa Tume aliendelea kuteuliwa na Rais, ambaye mara nyingi ni mgombea au kiongozi wa chama chenye mgombea. Mahakama ziliendelea kuzuiwa kuchunguza ushindi wa Rais uliokwisha kutangazwa na Tume.

Tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya kupiga kura, Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa siku hiyo hiyo katika vituo vile vile, hazikufutwa. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusia, na Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hadi Desemba 2020, Maalim Seif alipoapishwa tena, wakati huo kwa chama cha ACT-Wazalendo, baada ya uchaguzi mwingine uliolalamikiwa. Alifariki tarehe 17 Februari 2021.

Jirani yetu Kenya alijaribu kwenda mbele zaidi. Baada ya umwagaji damu wa 2007 na 2008, tume ya uchaguzi ilivunjwa, na Katiba ya 2010 ikaipa Mahakama ya Juu mamlaka ya kusikiliza shauri la uchaguzi wa Rais. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilibatilisha ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani. Ugomvi haukukoma, na watu walikufa hata mwaka huo; lakini mlalamikaji alikuwa na mlango wa kubisha kabla ya kuingia barabarani.

Hitimisho

Ungamo la Augsburg, katika sehemu yake ya 16, linakiri kuwa utawala wa kiraia na sheria zake ni mpango mwema wa Mungu. Basi Mlutheri hawezi kuiona katiba kuwa jambo la wanasiasa peke yao. Nabii Yeremia aliwashutumu viongozi waliolifunika jeraha la watu juu juu. Kugawana vyeo ni dawa halisi, na Zanzibar ya 2010 imethibitisha hivyo. Lakini haitoshi pale ambapo anayehesabu kura haaminiwi na anayelalamika hana mahakama.

Kwa hiyo, ndugu wachungaji na wanafunzi, kabla ya kuwaambia watu wakubali matokeo, hatuna budi kuuliza maswali mawili: nani amemteua mhesabu kura, na mnyonge akidhulumiwa atakwenda wapi? Mahali ambapo maswali hayo hayana jibu katika sheria, mahubiri ya amani yanamtaka aliyedhulumiwa peke yake alipe gharama ya utulivu. Wajibu wetu ni kuyauliza mapema, miaka kabla ya kampeni, wakati hakuna chama kinachoweza kudhani kwamba twamsemea mwenzake.