Mawe ya Kifungo: Tasmania, Changuu na Robben

Maji yakipwa pale Eaglehawk Neck, kusini-mashariki mwa Tasmania, pwani huonekana kama baraza iliyosakafiwa. Mwamba umekatika kwa mistari iliyonyooka, vipande vya pembe nne, na mgeni hujikuta akimtafuta fundi aliyevipanga. Fundi hayupo. Ni tope la kale lililogeuka jiwe, likapasuliwa na misukosuko ya ardhi, kisha bahari ikamalizia. Vigae vilivyo mbali na mawimbi hukauka kwa muda mrefu. Chumvi huganda juu yake na kuula uso wa jiwe, hadi kigae kikabonyea kama sinia. Vilivyo ukingoni hushinda majini, vikaliwa zaidi kwenye mipasuko, vikabaki vimetuna kama boflo. Chumvi ni ileile na mwamba ni uleule.

Si mbali na hapo, rasi nzima ya Tasman inashikana na nchi kavu kwa shingo ya ardhi ambayo upana wake, palipo pembamba kabisa, haufiki mita 100. Wapydairrerme, wenyeji wa asili wa rasi hiyo, walikuwa wakipita hapo kwa vizazi visivyohesabika. Waingereza walipoitazama waliona mlango. Ndani ya rasi hiyo, Port Arthur ilianza mwaka 1830 kama kambi ya kukata mbao. Kuanzia 1833 ikawa mahali pa kuwaadhibu wafungwa waliokwisha kuhamishwa ng'ambo kisha wakakosa tena, na ilifungwa 1877. Shingoni wakapanga mstari wa mbwa wakali waliofungwa minyororo, pwani hii hadi pwani ile. Husimuliwa habari ya mfungwa aliyejivika ngozi ya kangaruu ili avuke. Askari wakaona kitoweo, wakainua bunduki, naye akalazimika kupaza sauti kwamba ni mtu. Wageni hucheka wanapoisikia. Mimi naiona kuwa hadithi ya njaa, ya mlinzi na ya mlindwa.

Uzuri wa pwani ile, basi, ndio uliokuwa ukuta wake. Changuu, mkabala wa Mji Mkongwe wa Unguja, mambo ni kinyume. Hakuna majabali, ni matumbawe yaliyochongoka, maji ya kijani na mji unaoonekana waziwazi ng'ambo. Katika miaka ya 1890 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa Sultani, alijenga gereza pale, lakini wafungwa hawakuletwa. Majengo yakawa ya karantini, kwa wasafiri waliohofiwa kubeba maradhi. Siku hizi wageni huenda kuwatazama kobe wakubwa, wa ukoo wa wale walioletwa kutoka Ushelisheli.

Hapa majina yanafunua jambo. Baada ya gereza kufungwa, Port Arthur ilibadilishwa jina ikaitwa Carnarvon, ili aibu ya wafungwa isahaulike. Jina la zamani lilirudishwa 1927. Familia nyingi za Tasmania zilificha kwa muda mrefu kwamba babu zao waliletwa kwa pingu. Kule, gereza la kweli lilifichwa jina. Kwetu, kisiwa chenye jina la samaki kinanadiwa kwa wageni kama kisiwa cha gereza, ilhali gereza lenyewe halikupata kufunga mtu. Tena kabla ya Mathews, watumwa walizuiliwa palepale wakingoja kuuzwa. Hao ndio waliofungwa kweli, na jina linalonadiwa halisemi lolote juu yao. Hilo linaniuma kuliko jengo lolote.

Kisiwa cha Robben, kisiwa kingine cha kifungo karibu na Cape Town, kinasimama kati ya Port Arthur na Changuu, na historia yake inagusana na ya Australia. David Stuurman, kiongozi wa Wakhoi, alitoroka kisiwani humo zaidi ya mara moja. Mwaka 1823 alifikishwa New South Wales kama mfungwa, akafia Sydney 1830. Bahari ileile iliyowaleta Waingereza maskini kusini ilimbeba pia Mwafrika aliyetetea ardhi yake.

Tofauti kubwa kati ya Port Arthur na Robben ni sauti. Katika Gereza la Upweke la Port Arthur, lililoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1840, mfungwa aliitwa kwa namba, alifunikwa uso alipotoka chumbani, na hata kanisani alisimama ndani ya kibanda chake asimwone jirani. Waliolibuni waliamini kwa dhati kwamba kimya hurekebisha nafsi. Robben, wafungwa wa kisiasa walipelekwa kwa makundi kwenye machimbo ya chokaa. Mwanga uliorudishwa na jiwe jeupe uliwaumiza macho, Nelson Mandela akiwa mmoja wao, lakini huko huko walifundishana na kujadiliana. Wakuu wa gereza hawakukusudia kuwapa darasa. Leo baadhi ya wanaowatembeza wageni ni watu waliofungwa humohumo. Port Arthur huzungumza zaidi kupitia daftari za walinzi.

Mwaka 1995 wafungwa wa zamani wa Robben walirudi machimboni. Mandela aliokota jiwe akaliweka chini, na wenzake wakafuata, mmoja mmoja. Lundo hilo bado lipo mlangoni mwa machimbo. Nalo pia halikupangwa na fundi, ila kila jiwe lina mtu aliyeliweka.