Mtoto Mgonjwa wa Edvard Munch: picha ya kumbukumbu mbele ya mwanahistoria

Mwanahistoria amezoea kuiuliza hati maswali matatu: nani aliyeiandika, aliiandika lini, na je, alikuwapo jambo lilipotendeka? Maswali hayo yanapoelekezwa kwenye picha iliyozaliwa na kumbukumbu za utotoni, majibu yake huleta utata. Mchoraji alikuwapo, lakini alikuwa mtoto; naye alichora miaka mingi baadaye, akiwa mtu mwingine. Picha ya namna hiyo ni ushahidi wa nini basi? Katika makala haya tutalichunguza swali hilo kwa mfano mmoja kutoka Norwe, kisha tutauliza linatuhusu vipi sisi tulioko Kongo.

Edvard Munch alizaliwa mwaka 1863, na mwaka uliofuata wazazi wake wakahamia Kristiania, mji ambao tangu 1925 unaitwa Oslo. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi. Hata hivyo, udaktari wake haukuweza kuwaokoa watu wa nyumba yake. Mwaka 1868 mama yao alifariki kwa kifua kikuu, akaacha watoto watano. Mdogo wa marehemu, Karen Bjølstad, akaja kuwalea. Ndiye mama mdogo aliyeshika nyumba tangu siku hizo. Mwaka 1877 ugonjwa uleule ukamchukua dada mkubwa, Sophie, akiwa na umri wa miaka 15. Edvard alikuwa na miaka 13. Tukumbuke kwamba kijidudu cha kifua kikuu kilitambuliwa na Robert Koch mwaka 1882 tu, na kwamba dawa ya kwanza ya kukishinda ilipatikana katika miaka ya 1940. Katika nyumba ile, kuugua kifua kulikuwa kungoja.

Mwaka 1885 Munch alianza kuchora kungoja huko. Picha ni rahisi kuieleza. Msichana mwenye nywele nyekundu ameegemea mto mkubwa mweupe, uso wake umeelekea pazia jeusi lililo upande wa kulia. Kando yake ameketi mwanamke aliyeinamisha kichwa hata uso wake hauonekani. Mikono yao imekutana katikati ya picha, lakini vidole havionekani wazi, ni kama vimeyeyuka. Kuna chupa upande mmoja na gilasi upande mwingine. Hakuna kitu kingine.

Ugumu ulikuwa katika kuitengeneza. Munch alimtumia msichana mwingine akae mahali pa Sophie, na mama yake mdogo akakaa mahali pa mwombolezaji. Lakini alichokiona mbele yake hakikuwa kile alichokikumbuka. Alipaka rangi, akaikwangua, akapaka tena, kwa muda wa mwaka na zaidi. Mikwaruzo hiyo haikufichwa. Ingali inaonekana hadi leo katika Makumbusho ya Taifa mjini Oslo. Ni kana kwamba tunamwona mtu akitafuta kitu gizani kwa kupapasa.

Picha ilipoonyeshwa Kristiania mwaka 1886, watazamaji wengi waliicheka na wahakiki wakaishutumu kwamba haikukamilika. Tuelewe hasira yao. Miaka michache kabla yake, Christian Krohg, mchoraji mashuhuri aliyekuwa mshauri wa Munch, alikuwa amechora msichana mgonjwa kwa usahihi mkubwa: kila uzi wa blanketi unaonekana, na mgonjwa anatutazama moja kwa moja. Krohg naye alikuwa amefiwa na dada kwa kifua kikuu. Misiba yao ilifanana, lakini njia zilitofautiana. Krohg alituonyesha mgonjwa jinsi mgeni aingiaye chumbani angemwona. Munch alituonyesha jinsi ndugu yake anavyoendelea kumwona baada ya chumba kuwa kitupu. Njia hiyo ya pili, ya kuitii hisia hata ikibidi kuharibu sura ya vitu, ndiyo iliyokuja kuitwa uekspreshonisti huko Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na vijana waliouanzisha walimhesabu Munch miongoni mwa watangulizi wao.

Hapa ndipo mwanahistoria anapoingia. Mwaka 1893 Munch alirudia msiba ule katika picha nyingine, Kifo katika Chumba cha Mgonjwa. Sophie amekaa kitini, ametupa mgongo. Familia imesimama, kila mmoja peke yake. Tuchunguze umri wao. Inger, mdogo wa Edvard, alikuwa na miaka 9 dada yake alipofariki. Katika picha ni mwanamke mtu mzima. Baba, aliyefariki mwaka 1889, yuko hai na ameunganisha mikono akisali. Kwa kipimo cha hati, picha hii imekosea: inawaleta watu wa 1893 kwenye kitanda cha mauti cha 1877, na marehemu mmoja anaomboleza mwingine.

Je, tuitupe? Hapana. Kosa hilo ndilo habari yenyewe. Picha haituambii mambo yalikuwaje siku ile. Inatuambia kwamba siku ile haikuwa imekwisha. Munch alirudia Mtoto Mgonjwa kwa rangi za mafuta mara sita, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1927, nusu karne baada ya msiba. Hakuna cheti cha kifo kinachoweza kushuhudia muda huo. Cheti hutoa tarehe ya msiba, na picha hutoa urefu wake.

Tena, picha yenyewe inaingia katika historia ya wengine. Nakala ya 1907 ilinunuliwa na makumbusho ya Dresden, mji ambamo kundi la vijana wa uekspreshonisti liliundwa mwaka 1905. Mwaka 1937 utawala wa Wanazi uliiondoa kwa madai kwamba ni sanaa iliyooza, pamoja na kazi nyingi nyingine za Munch. Ikauzwa, na mwaka 1939 ikafika London kama zawadi kwa makumbusho ya Tate. Huzuni ya nyumba moja ilionekana kuwa hatari kwa dola iliyotaka kuonyesha miili yenye afya tu.

Kwetu Katanga, watu wana neno lao kwa picha zinazotundikwa sebuleni ili zizalishe mazungumzo: ukumbusho. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora mjini Lubumbashi katika miaka ya 1970 picha zipatazo mia moja juu ya historia ya nchi, na akazisimulia kwa Kiswahili mbele ya mtafiti Johannes Fabian. Ukoloni ulipokwisha mwaka 1960 alikuwa kijana mdogo. Mengi aliyoyachora aliyapata kwa kusikia. Hakuwa na mtindo wa Munch, na alikumbuka kwa niaba ya taifa, si kwa niaba ya nyumba moja. Lakini tatizo wanalotuletea ni moja: jana iliyochorwa kwa macho ya leo.

Basi tuwaonye wanafunzi wetu wanaokwenda kukusanya habari katika nyumba za wazee dhidi ya makosa mawili. La kwanza ni kuipokea picha ya ukumbusho kana kwamba ni ya kamera. La pili, ambalo ni baya zaidi, ni kuikataa kwa sababu tarehe au mavazi hayalingani na hati. Picha nyingi za aina hiyo zilichorwa juu ya magunia ya unga, na nguo hiyo haidumu. Mwenye picha angali hai, aulizwe si tu ni nini kilichochorwa, bali kwa nini kimechorwa hivyo, na nani hulia au hucheka anapoitazama. Majibu hayo hayamo katika nyaraka za serikali, na mwenyewe akiondoka, ataondoka nayo.